Nimeongeza nyuzinyuzi kama nilivyoambiwa, tumbo la IBS limezidi. Nakosea wapi?

Mama Wawili, Ipagala

Mbukwenyi ndugu zangu. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili nimelibeba kimya muda mrefu na anayelijua vizuri ni mume wangu peke yake.

Nina miaka 36, naishi Ipagala, nafanya kazi masjala kwenye ofisi moja kule Mtumba. Tumbo lilianza kunisumbua mwaka 2021, miezi michache baada ya kujifungua mtoto wa pili. Linakwenda hivi: siku tatu au nne sipati choo kabisa, nikipata ni vidonge vikavu kama vya mbuzi. Halafu asubuhi moja, na mara nyingi ni Jumatatu, linasokota chini ya kitovu upande wa kushoto, naenda chooni mara tatu kabla ya saa moja, na ile ya mwisho ni maji yenye ute mweupe. Nikishamaliza maumivu yanapungua. Mchana gesi inajaa. Sketi iliyonikaa vizuri asubuhi, ikifika saa nane nakuwa nimefungua kifungo chini ya meza.

Nimetibiwa taifodi mara nne. Amiba sikumbuki mara ngapi. Mwezi wa pili mwaka huu nikasema sasa basi, nikaenda kwa daktari bingwa. Kapima choo, damu, bakteria wa vidonda vya tumbo, altrasaundi, akaniuliza kama napungua uzito au naona damu. Vyote salama. Akasema hii ni IBS ya mchanganyiko, yaani utumbo hauna kidonda wala uvimbe, ila mishipa yake ya fahamu inahisi kupita kiasi na mwendo wake hauna mpangilio. Nililia pale pale kwa kupata jina. Mwisho akasema, "Kula nyuzinyuzi kwa wingi," yaani zile sehemu za mimea ambazo tumbo haliwezi kuzisaga, foleni ilikuwa ndefu, nikatoka.

Nikaenda kuzitafuta kwa bidii zote. Sembe nikaiacha, nikaingia dona. Kwenye uji wa asubuhi nikatia vijiko vitatu vya pumba ya ngano. Mchana kachumbari sahani nzima na mchicha. Jioni maharage. Pale Soko la Majengo nikawa nanunua zabibu nusu kilo kila siku mbili, nazila na maganda na mbegu zake, kwa kuwa shoga yangu alisema faida iko huko.

Wiki ya pili nilishuka kwenye daladala Ihumwa, kabla ya kufika kazini, nikabisha hodi nyumba ya mtu nisiyemjua nikaomba choo. Yule mama hakuniuliza kitu. Alinipa ndoo ya maji na sabuni. Tangu siku hiyo naogopa kula chochote kabla ya safari.

Nimesikia nyuzinyuzi ziko aina mbili, zinazoyeyuka kwenye maji na zisizoyeyuka, na mtu wa IBS anatakiwa azipatanishe. Naomba anayejua anifafanulie kwa chakula chetu hiki cha Dodoma, maana kila ninachosoma ni mikate na matunda ambayo hayapo Majengo. Na je, mlenda unaingia wapi? Mama yangu yuko Mvumi, ananiletea mkavu kila mwezi, umejaa kabatini.

---

Fundi Chang'ombe

Pole sana dada. Mimi nilikuwa hivyohivyo. Niliacha nyuzinyuzi zote, nikawa nakula wali mweupe, nyama, mayai na soda. Huu mwezi wa pili tumbo halisokoti tena. Achana nazo kabisa.

---

Mwalimu wa Kongwa

Mdogo wangu, pole kwa ya Ihumwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kongwa, tumbo hili ninalo tangu 2013. Nimewahi kuacha darasa katikati ya kipindi cha hesabu, watoto wakabaki na chaki mkononi. Kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyalipia.

Ulipokosea ni kwamba karibu vyote ulivyoongeza viko upande mmoja, tena umeviongeza vyote kwa mkupuo. Dona, pumba ya ngano, kachumbari mbichi, maganda na mbegu za zabibu: hapo kinachotawala ni zile zisizoyeyuka. Maharage yana aina zote mbili, ila yanakuja na sukari zake ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzisaga. Zinateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanazichachua, gesi inajaa.

Fanya jaribio hili jikoni kwako leo, maana unga wa mlenda unao. Chukua glasi mbili za maji ya moto. Ya kwanza tia kijiko cha pumba ya ngano, ya pili tia kijiko cha mlenda mkavu uliosagwa. Koroga, ziache nusu saa. Pumba utazikuta zimelowa na kuvimba kidogo, lakini ni pumba zilezile, ukichuja zote zinabaki kwenye chujio. Mlenda utakuwa umeyageuza maji kuwa ute. Ukiinua kijiko unavutika.

Sasa hayo ndiyo yanayotokea tumboni. Zisizoyeyuka zinapita karibu kama zilivyoingia. Zinajaza, zinasugua ukuta wa utumbo, na ukuta ukisuguliwa unatoa maji na ute na kujikaza usukume. Mtu mwenye utumbo mtulivu na choo kigumu anapata nafuu kwa hilo. Utumbo wetu sisi unashtuka hata kwa gesi ambayo mwenzako haisikii, sembuse kusuguliwa na vijiko vitatu vya pumba kila asubuhi. Zinazoyeyuka zinashika maji na kuwa kama uji mzito. Choo kikiwa kikavu zinakiachia maji kilainike, kikiwa cha maji zinayashika kipate umbo. Kwa mtu wa mchanganyiko kama wewe na mimi, anayefunga leo na kuharisha kesho, hizi ndizo za kuegemea, kwa kuwa zinafanya kazi pande zote mbili.

Mlenda, kwa hiyo, ndio dawa iliyolala kabatini kwako. Bamia pia. Ule ute wote ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka.

Nikuambie kitu kilichonifungua macho. Bibi yangu, Mgogo wa hukuhuku, hakuwahi kupika ugali wa mtama na maganda yake. Aliutwanga kwenye kinu, akaupeta kwa ungo, pumba wakala kuku, ndipo akasaga. Na ugali ule haukushuka peke yake, ulishuka na mlenda, miaka yote. Nilipokuwa kijana nikaona hayo ni mambo ya kijijini, nikahamia dona na maharage ya shule. Baada ya kuugua ndipo nikaanza kuitazama ile sahani upya: ganda limepunguzwa, halikwisha lote, na ute uko pembeni kulibeba. Bibi hakuwa akitibu IBS, alikuwa anapika tu. Lakini ukitafuta mfano wa kupatanisha hizi aina mbili kwa chakula chetu, mimi sijaona ulio mzuri kuliko ule.

Vingine vya kuegemea vilivyopo sokoni kwetu: boga lililomenywa na kuchemshwa, karoti zilizopikwa, viazi vitamu bila ganda, papai, ndizi iliyoiva vizuri, nyama ya chungwa. Uji wa oti kama unapatikana. Ubuyu nao, ule unga mweupe wenyewe, una nyingi sana zinazoyeyuka. Usiuchanganye na ule mwekundu wa sukari na rangi unaouzwa kwenye vipakiti. Anza na kijiko kimoja kwenye uji, uone.

Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo wengi wanapoanguka. Usidhani kila kinachoyeyuka ni rafiki. Kitunguu maji na kitunguu saumu vina nyuzinyuzi zinazoyeyuka, lakini zinachachuka haraka mno na gesi yake si ya mchezo. Mimi mchuzi wenye vitunguu vitatu unanilaza kitandani, wa kitunguu kimoja kwa sufuria zima napita. Na usidhani pia kwamba zisizoyeyuka ni adui wa kufukuzwa. Kaka yetu Fundi hapo juu namheshimu, ila mimi nilipita njia yake mwaka 2015. Wiki sita za raha, halafu choo kikakauka nikapata bawasiri. Zipo kazi zake, zinataka tu kupunguzwa makali: menya, kata ndogondogo, pika mpaka ilainike, kula kidogo na kitu cha ute. Mchicha mimi nachambua nabakiza majani laini, vikonyo natupa, na nakula vijiko viwili vitatu pembeni ya ugali. Kachumbari nilishaiaga.

Uwiano wake utauuliza. Mimi namba sina, na tumbo langu halikuwahi kukubali namba. Kwa siku nzima mtu mzima anashauriwa afike gramu 25 hivi au zaidi za nyuzinyuzi zote kwa pamoja, lakini ukitoka kwenye sembe na chipsi huwezi kuzifikia kwa wiki moja. Bakteria wa tumbo wanahitaji muda kuzoea. Mimi naongeza kitu kimoja, nakikalia siku saba, naandika kwenye daftari, ndipo naongeza kingine. Kwenye daftari naandika nilichokula, maumivu, na umbo la choo kwa namba 1 hadi 7 za ile chati ya Bristol ya Uingereza: 1 ni hivyo vya mbuzi, 7 ni maji matupu, tunatafuta 3 na 4. Bila daftari utalaumu chakula cha jana kumbe ni cha juzi.

Na maji, dada. Ute unatengenezwa na maji. Jua la Dodoma linakausha mtu hata akiwa amekaa ofisini, na wewe nadhani hunywi ili usitafute choo njiani. Kama ndivyo, hata mlenda hautakusaidia.

---

Dada Mfamasia, Area C

Mwalimu kaeleza vizuri, niongeze machache ya upande wa duka la dawa.

Kwanza, hili la pumba limepimwa. Mwaka 2009 madaktari wa Uholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa 275 wa IBS. Kundi moja lilipewa gramu 10 kwa siku za isabgoli, yaani maganda ya mbegu za mmea unaolimwa sana India, kundi la pili gramu 10 za pumba, la tatu unga wa mchele tu, kwa wiki 12. Isabgoli ilipunguza maumivu na usumbufu kuliko unga wa mchele, na tofauti ilianza kuonekana mapema, mwezi wa kwanza. Kuacha mapema kulitokea zaidi kundi la pumba, na sababu kuu ni kwamba dalili zilizidi. Kwa hiyo dada wa Ipagala usijione umekosea kitu cha ajabu, limewapata na wengine. Miongozo ya madaktari wa Uingereza na ya Marekani sasa inasema hivyo hivyo: zinazoyeyuka ndiyo, pumba hapana.

Isabgoli inapatikana kwenye maduka ya dawa na baadhi ya maduka ya Wahindi. Uzuri wake inashika maji sana lakini inachachuka polepole, gesi haiwi nyingi. Kijiko kimoja cha chai kwenye glasi kamili ya maji, koroga, kunywa papo hapo kabla haijaganda, kisha glasi nyingine ya maji. Kaa hapo wiki nzima ndipo uongeze. Usiilambe kavu hata siku moja, inaweza kuvimba kooni ikakukaba. Mwenye shida ya kumeza asiitumie. Dawa nyingine zipishane nayo saa mbili, kwa kuwa inaweza kuzuia zisinyonywe vizuri. Wenye dawa za kisukari wamwambie daktari kwanza, inaweza kushusha sukari kidogo.

Pili, kwa wengine wanaosoma kimya. Dada huyu amepimwa. Wewe ambaye hujapimwa usijipe jina la IBS kwa kusoma hapa. Choo chenye damu au cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, homa, upungufu wa damu, kuharisha kunakokuamsha usingizini, tumbo lililoanza kubadilika ukiwa umevuka miaka 50, au ndugu wa damu aliyepata saratani ya utumbo: nenda hospitali kwanza. Hayo hayatibiwi kwa mlenda.

Fundi, ungana na mwalimu. Na soda uipunguze, ile gesi na sukari yake havikusaidii.

---

Mama Wawili, Ipagala

Nimesoma nikiwa kwenye daladala, nimerudia mara mbili. Lile la maji umeniona kama uko nyumbani kwangu, mwalimu. Ni kweli, kuanzia asubuhi mpaka nifike Mtumba sinywi hata tone.

Nina maswali mawili. Dona nimenunua kilo 25 Kibaigwa, nitaitupa? Na asubuhi nifanyeje? Saa kumi na moja na nusu niko kituoni. Nisipokula nafika salama, lakini ikifika saa nne nakula mihogo ya kukaanga na chai ya maziwa kwa njaa, na hapo ndipo msokoto unaanza.

---

Mwalimu wa Kongwa

Dona usitupe, nani anatupa chakula. Ichekeche kwa chekeche laini, yale makapi wape kuku au jirani mwenye kuku. Inayobaki changanya nusu kwa nusu na sembe, songa ugali wako. Baada ya mwezi mmoja jaribu kupunguza sembe kidogo kidogo uone tumbo linasemaje.

La asubuhi. Ukila, utumbo mpana unajikaza ili kupisha nafasi, na asubuhi hujikaza kwa nguvu kuliko muda mwingine wowote. Huo ni mwili kufanya kazi yake, kwetu tu unapiga kelele. Nilipokuwa nakimbia bila kula, nilikuwa naahirisha tu, na ilikuja kunikuta darasani. Sasa naamka dakika arobaini mapema. Nakunywa maji ya uvuguvugu, nakula bakuli dogo la uji na ndizi moja, halafu nakaa. Sisukumi, nakaa tu, redio ikiwa chini. Mara nyingi jambo linaisha nikiwa nyumbani kwangu. Miezi miwili ya kwanza haikufanya kazi kila siku, nakuambia mapema usije ukakata tamaa. Utumbo unajifunza saa kama mtoto.

Uji wenyewe uwe mlaini na usiwe wa maziwa mpaka ujue maziwa yanakufanya nini. Jaribu wiki moja bila chai ya maziwa. Kwa wengi wetu watu wazima maziwa yenyewe ni shida tofauti kabisa na nyuzinyuzi, na ukiyaacha kwenye daftari lako yatakuvurugia hesabu yote. Mihogo ya kukaanga sina ugomvi na muhogo, nina ugomvi na mafuta yale.

Mlenda uuanze jioni. Kijiko kimoja cha chakula cha unga mkavu kwa sufuria ndogo, magadi kidogo sana, nyanya iliyomenywa, karanga za kusaga kijiko kimoja. Upekeche vizuri. Mvumi wanajua, muulize mama yako, wala usinisikilize mimi mwanaume.

---

Mama Wawili, Ipagala

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki sita. Niliahidi moyoni kwamba nisipopona pia nitaandika, kwa hiyo naandika yote.

Wiki ya kwanza nilifanya vitu viwili tu: nilitoa pumba na kachumbari, na nilianza kunywa maji. Msokoto ulipungua ndani ya siku tano. Vile vya mbuzi vilibaki. Wiki ya pili nikaingiza mlenda kila jioni na ugali wa dona iliyochekechwa. Mama alipoambiwa alicheka, akasema, "Nilidhani mnautupa." Siku ya tisa nilipata choo cha namba 3. Mtu asiyejua shida hii ataona ni maneno ya ajabu, lakini nilimwita mume wangu nikamwambia.

Wiki ya tatu nikanunua isabgoli, na hapo nikafanya pupa. Dada Mfamasia alisema kijiko kimoja kwa wiki nzima, mimi siku ya tatu nikaweka viwili asubuhi na viwili jioni. Gesi ilinijaa nikashindwa kulala chali. Nikarudi kwenye kimoja, nikakikalia siku kumi, ndipo nikaongeza cha pili jioni. Sasa niko hapo na sijasogea.

Wiki ya nne tulikuwa na msiba Mvumi. Siku mbili ni makande na maharage, ningesema nini mbele ya watu. Jumatatu yake nilikuwa kama mwanzo kabisa, mara nne chooni, sikwenda kazini. Nilikasirika sana. Lakini daftari lilinisaidia, nikaona siku na sababu yake, na Alhamisi nilikuwa nimetulia. Zamani ningeambiwa ni taifodi na kupewa antibiotiki nyingine.

Maharage nyumbani sijayaacha kwa sababu ya watoto. Nayaloweka usiku kucha, namwaga maji, nachemsha nusu saa, namwaga tena, ndipo naunga. Mimi nakula vijiko vitatu, si zaidi. Zabibu nazo nakula kumi, kumi na mbili, baada ya chakula, mbegu natema. Kuishi Dodoma bila zabibu nimeshindwa. Maziwa niliyatoa na kuyarudisha mara mbili nijihakikishie: mwalimu alikuwa sahihi, kikombe kimoja tu kinaniunguruma.

Kwa hesabu ya daftari, kabla ya hapa nilikuwa na siku tano za maumivu kwa wiki. Wiki mbili hizi za mwisho ni siku mbili, moja yenyewe hafifu. Asubuhi nakula uji wa boga. Nachemsha boga, naliponda, nakorogea kwenye uji wa sembe, ubuyu kijiko kimoja. Mara nne katika siku tano za kazi namaliza nikiwa nyumbani. Ile moja ya tano bado nashika kiti cha daladala kwa mikono miwili mpaka Mtumba, lakini nafika.

Nimebaki na shida moja, mlenda wa mama unakaribia kwisha na ule wa sokoni nilionunua ulikuwa na mchanga unasaga menoni. Nani anajua kuutambua mzuri kabla ya kununua?

---

Bibi Zuhura wa Bahi

Mwanangu, chota kidogo kwa vidole viwili, tia kwenye kiganja chenye maji, sugua. Mchanga utausikia hapohapo, na ute ukichelewa kuvutika ujue ni wa zamani au umechanganywa na majani mengine. Muuzaji akikukataza kuonja kwa mkono, sogea meza ya pili. Ukiupata mzuri ununue sado nzima, uhifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko, unakaa mpaka mvua za mwakani.

---

Fundi Chang'ombe

Nimesoma haya yote kimya. Ni kweli, mwalimu, wiki hii ni ya tatu nakwenda chooni mara mbili tu kwa wiki na inauma. Nilikuwa naona aibu kurudi kusema. Mimi kupika sijui, nakula kwa mama ntilie pale karibu na gereji. Nianzie wapi?

---

Mwalimu wa Kongwa

Karibu kaka, hakuna aibu hapa. Anza na ndizi mbili zilizoiva kwa siku na maji lita mbili, wiki nzima, chakula kingine kibaki kilivyo. Kwa mama ntilie ukimkuta na bamia au mlenda omba hiyo badala ya kuongezewa nyama. Siku akiwa na viazi vitamu vya kuchemsha chukua, ganda liache. Soda ile punguza kama ulivyoambiwa. Na ukipata damu hata kidogo, usiseme ni bawasiri kwa kubahatisha, nenda ukapimwe. Jumapili ijayo andika hapa umekwenda mara ngapi.